Jogoo mkorofi: Namna ya kumdhibiti kabla hajawagombanisha majirani

KWA miaka mingi kuku hakuwa na hadhi kubwa katika maboma ya Doldol, Laikipia Kaskazini. Mali ilikuwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, mali ilikuwa mizinga ya nyuki, hadi walipogeukia ufugaji katika miaka ya 1920 na 1930. Wazee walioshika mila za Kimaasai hawakula ndege, na hakuna aliyepima utajiri wa mtu kwa idadi ya kuku wake.

Mambo yamebadilika. Ukame uliodumu kuanzia 2020 hadi 2022 uliangamiza mifugo mingi katika maeneo makavu ya Kenya, na kuku, ambaye hahitaji malisho ya mbali na hujitafutia wadudu na makombo uani, amekuwa msaada kwa kina mama wanaotaka pesa za unga, sukari na karo bila kungoja mbuzi auzwe.

Pamoja na kuku amekuja jogoo, naye ana mambo yake. Katika boma lililo peke yake nyikani, kuwika kwake humsumbua mwenyewe tu. Katika kituo cha biashara, ambako nyumba za mabati hupakana ukuta kwa ukuta na ua mmoja hutumiwa na wapangaji kadhaa, jogoo anayewika saa tisa usiku huwaamsha watu wasiomiliki hata unyoya mmoja wake. Methali husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu ameingia mjini na anawika kwa nguvu zote.

Tatizo aghalabu huanza siku ya kununua vifaranga. Vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, aina inayohusishwa na kituo cha Naivasha cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO), kwa kawaida huuzwa bila madume kutenganishwa na majike, na kwa maumbile karibu nusu yao ni madume. Anayenunua vifaranga 20, wakijaliwa kukua wote, hujikuta na majogoo tisa, kumi au kumi na mmoja. Wakifika umri wa kati ya miezi minne na sita huanza kuwika, kupandia mitetea kwa fujo na kupigana wao kwa wao.

Wafugaji wengi huwaacha wote wakisubiri bei nzuri ya Desemba. Hilo ni kosa. Jogoo mmoja anatosha kwa mitetea wanane hadi kumi, na anayezidi hapo hula chakula, hujeruhi mitetea mgongoni na huongeza kelele. Isitoshe, anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula tu hahitaji jogoo hata mmoja. Mtetea hutaga hata akiwa hajawahi kumwona jogoo maishani mwake. Tofauti ni kwamba yai lake haliwezi kuanguliwa, na kwa kuwa halina mbegu ya kifaranga, halina hatari ya kuanza kuota kijusi likikaa mahali pa joto. Wengi wanaovumilia kelele kila alfajiri wangeweza kuzimaliza kwa kitoweo cha siku moja.

Kwa yule anayetaka vifaranga wake mwenyewe, ni muhimu kujua kwanza kwa nini ndege huyu huwika. Imani ya kawaida ni kwamba huamshwa na mwanga wa alfajiri. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, usiku na mchana, wakaona kwamba bado waliwika kwa mpangilio unaokaribia saa 24. Kumbe jogoo ana saa yake mwilini, na huanza kuwika kabla mwanga haujatokea. Mwanga wa ghafla na sauti za majogoo wengine nazo humchochea, hasa nyakati za alfajiri, lakini saa hiyo ya ndani haizimwi kwa kufunga mlango.

Mwaka 2015 watafiti hao walitoa matokeo mengine ambayo kila mwenye majogoo zaidi ya mmoja anapaswa kuyazingatia. Majogoo wanaoishi pamoja huwika kwa zamu kufuata cheo: mkuu wao huanza, wa pili akafuata, kisha wa tatu. Mkuu alipoondolewa, wa pili alishika nafasi yake na kuanza yeye. Kwa hiyo kumchinja yule mwenye sauti kubwa kuliko wote na kuwabakiza wenzake watatu hakuleti usiku wa utulivu. Humpandisha cheo mwingine tu. Kinachopunguza kelele ni idadi.

Ukubwa wa sauti yenyewe si jambo la mzaha. Watafiti wa vyuo vikuu vya Antwerp na Ghent nchini Ubelgiji waliripoti mwaka 2018 kwamba sauti ya jogoo kwa umbali wa mita moja huzidi desibeli 100, na karibu na sikio lake mwenyewe huzidi 142. Yeye haathiriki kwa sababu anapofungua mdomo wazi ili awike, sehemu ya tundu la sikio hujiziba na nyama laini hufunika nusu ya kiwambo chake. Jirani hana kinga ya namna hiyo.

Sauti hupungua kadiri umbali unavyoongezeka: mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, hushuka kwa takriban desibeli sita. Sauti ya desibeli 100 kwa mita moja hufika ikiwa 80 hivi kwa mita kumi, na 60 kwa mita 100. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kuhamisha banda kutoka ukuta wa jirani hadi upande wa pili wa ua ni hatua ya maana kuliko dawa yoyote ya dukani. Kuta za udongo huzuia sauti vizuri kuliko mabati, na banda lisielekezwe upande wa madirisha ya watu.

Hatua ya pili ni giza. Katika eneo hili lililo karibu na ikweta jua huchomoza muda usiopishana sana na saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, hivyo ratiba ya kufungia na kufungulia kuku haihitaji kubadilishwa kila msimu. Jogoo akilala ndani ya banda lenye giza, mbali na taa za barabarani, taa za ulinzi na mwanga wa magari, hukosa vichocheo vinavyomfanya awike katikati ya usiku. Ataendelea kuwika kuelekea alfajiri, ila kwa kiasi kidogo, na kuta zitameza sehemu ya sauti. Mfugaji asizibe matundu ya hewa kwa kisingizio cha kuzuia kelele. Kuku waliojazana bila hewa hupata maradhi ya mapafu, na gharama yake ni kubwa kuliko lawama za jirani. Matundu yawekwe juu, yafunikwe kwa waya, na mbele yake pasimamishwe ubao wa kukinga mwanga.

Njia nyingine zinazosifiwa hazifai. Mkanda wa kufunga shingoni ili kupunguza hewa inayotoka hufanya kazi kwa kumbana ndege koo, na ukikazwa kupita kiasi au shingo ikinenepa, jogoo hufa. Kuhasi nako hutajwa mara nyingi na watu waliozoea kuhasi mbuzi na ng'ombe, wakidhani ni kazi ileile. Si kazi ileile. Korodani za ndege ziko ndani ya mwili, juu kabisa karibu na figo, na kuzitoa ni upasuaji unaohitaji daktari wa mifugo. Kumpasua jogoo uani kwa wembe ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inawahusu ndege pia. Sheria hiyohiyo inakataza kuwapiganisha wanyama, mchezo ambao vijana wenye majogoo wakali hushawishika kuujaribu.

Je, jirani anayekosa usingizi ana haki gani? Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka kiwango cha nje katika makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huo unahesabiwa hadi saa kumi na mbili asubuhi. Viwango hivyo ni wastani wa muda mrefu, wala si kipimo cha mwiko mmoja wa sekunde mbili, kwa hiyo jirani asidhani kuwa desibeli 80 za mara moja zimekwisha kumpa ushindi.

Kilicho na uzito zaidi ni vigezo vya kuamua iwapo kelele ni za kukera: saa zinapotokea, ukaribu wa makazi, kama zinajirudia, nguvu yake, na iwapo zingeweza kudhibitiwa bila juhudi au gharama kubwa kwa anayezisababisha. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kinachombana mwenye jogoo. Aliyehamisha banda, akapunguza majogoo hadi mmoja na kumfungia gizani ana la kujitetea. Aliyewaacha watano walale juu ya mti kando ya dirisha la mpangaji hana.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, pamoja na udhibiti na ustawi wa wanyama. Kwa hiyo malalamiko ya Doldol yanayoshindikana kwa wazee au kwa chifu yana mahali pa kupelekwa katika ofisi za Kaunti ya Laikipia. Lakini asiyevumilia asijichukulie sheria mkononi. Kumtegea sumu jogoo wa mwenzake ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, na sumu hiyo haichagui: huweza kumezwa na mbwa, mtetea mwenye vifaranga au mtoto anayetambaa.

Ugomvi wa aina hii hauko Kenya pekee. Nchini Ufaransa, jogoo aitwaye Maurice wa kisiwa cha Oléron alishtakiwa, kupitia kwa mwenyewe, na majirani waliofika huko kupumzika. Septemba 2019 mahakama ya Rochefort ilikataa malalamiko yao na kuwaamuru walipe fidia ya euro 1,000. Maurice alikufa mwaka uliofuata, na Januari 2021 Ufaransa ikapitisha sheria inayozitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa maeneo hayo. Mfugaji wa Kenya asijipe moyo sana kwa hukumu hiyo, kwani haina nguvu ya kisheria hapa, na ua wa kupanga si kisiwa cha wakulima.

Kelele, hata hivyo, hukera tu. Jogoo anayeshambulia watu ni jambo zito zaidi, na aghalabu huchekewa hadi pale anapomwumiza mtoto. Mtoto wa miaka mitatu uso wake uko karibu na kimo ambacho jogoo hurukia, na kipi, yaani ule mwiba wa pembe ulio nyuma ya mguu, huweza kutoboa jicho. Wazee nao wamo hatarini. Mwaka 2019 wataalamu wa Australia walichapisha kisa cha mwanamke mzee aliyekuwa akiokota mayai akadonolewa mguuni na jogoo; mdomo ulitoboa mshipa uliovimba, akavuja damu hadi akafariki. Visa kama hicho ni nadra mno, lakini mwenye mishipa iliyovimba miguuni ana sababu ya kuvaa buti aingiapo bandani.

Ukali huu una chanzo. Jogoo anapobalehe, homoni za kiume humsukuma kutafuta cheo, na wa kwanza kupimwa ni yeyote anayeonekana kuwa mpinzani: jogoo mwingine, mbwa, mtoto au mama mwenye karai la mahindi. Wanaoongoza kwa ujeuri mara nyingi ni wale waliolelewa mkononi kama wapenzi wa nyumba, kwa sababu hawakujifunza kumwogopa binadamu. Wengine hufundishwa ukali na watoto wanaowarushia mawe na kuwakimbiza. Ndiyo maana jogoo mmoja huweza kumwandama mtoto huyu na kumwacha yule. Ikiwa aliyekuwa mpole amegeuka ghafla, inafaa akaguliwe chini ya mabawa na miguuni, maana utitiri na vidonda humfanya ndege yeyote kuwa na hasira.

Kabla ya kurukia, jogoo hutoa onyo. Huja kwa ubavu, huteremsha bawa moja na kuliburuta ardhini, husimamisha manyoya ya shingo, hudonoa chini bila kula chochote na kukodoa jicho moja. Anayezijua dalili hizo ana sekunde chache za kujiandaa.

Jambo baya zaidi la kufanya ni kukimbia, kwa kuwa jogoo huhesabu kwamba ameshinda na kesho atarudia. La pili kwa ubaya ni kumpiga teke. Teke kwake ni jibu la mpiganaji, nalo humhakikishia kwamba aliyesimama mbele yake ni jogoo mwenzake mkubwa. Mtu mzima asimame, amkabili bila kurudi nyuma, kisha amsogelee polepole hadi ndege akubali kuondoka njiani. Sinia au karai lililoshikwa mbele ya miguu ni ngao inayotosha, na halimwumizi.

Akiendelea, akamatwe kwa utulivu, mabawa yabanwe, na abebwe kwapani kwa dakika kumi au kumi na tano huku shughuli zikiendelea, kisha awekwe chini taratibu mbele ya mitetea wake. Zoezi hilo likirudiwa kila siku kwa wiki mbili au tatu, majogoo wengi wachanga hulegea. Njia nyingine ni kumtenga ndani ya tenga mahali anapowaona wenzake kwa siku chache, akose nafasi ya kutawala. Kazi hizi si za watoto. Wao wafundishwe kutompita karibu na kutomchokoza, na wadogo kabisa wasiachwe uani peke yao akiwa nje.

Wakati wa kumshika usiku, anapokuwa mzito wa usingizi, ndio pia wakati wa kupunguza vipi vyake. Ndani ya kipi mna mfupa na damu, kwa hiyo kinachoondolewa ni ncha tu, na tupa ni salama kuliko kisu. Damu ikitoka, unga laini hubanwa juu ya kidonda mpaka ikome. Kukiminya kipi na kukizungusha hadi ganda lote ling'oke, kama baadhi ya watu wanavyofanya, humwachia ndege jeraha bichi bila sababu.

Mtu aliyejeruhiwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha afikishwe kwenye kituo cha afya ikiwa tundu ni la kina, kwani kipi kilichokanyaga samadi huweza kupitisha vimelea vya pepopunda. Jeraha la jicho halioshwi kwa dawa za kienyeji wala kusuguliwa. Mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Hofu moja inaweza kuwekwa kando: kichaa cha mbwa hakiambukizwi na kuku.

Wapo wafugaji wanaomtetea jogoo mkali kwa hoja kwamba huwalinda kuku dhidi ya mwewe na nguchiro. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Watafiti wameonyesha kwamba jogoo hutoa mlio mmoja anapomwona adui wa angani na mwingine anapomwona wa ardhini, na hutoa mlio huo zaidi akiwa mbele ya majike. Kazi yake kuu ni hiyo ya kupiga kamsa. Anayewafunika vifaranga na kumrukia mwewe ni mama yao. Jogoo mpole kwa watu huona mwewe sawasawa na jogoo mkorofi.

Aidha, ukali hurithiwa kwa kiasi fulani. Anayemweka jogoo katili kuwa baba wa kundi hujiandalia watoto wa tabia hiyo, na kila mwaka huwa na majogoo kadhaa wa kuwaogopa badala ya mmoja. Iwapo wiki kadhaa za mafunzo hazikumbadilisha, mahali pake ni sufuriani, na kwa kuwa nyama ya jogoo aliyekomaa ni ngumu, huhitaji moto mdogo wa muda mrefu. Akipelekwa sokoni, auzwe kama wa kuchinjwa. Kumuuza kwa mwenye watoto wadogo bila kumweleza tabia yake ni kumhamishia balaa.

Atakayechukua nafasi yake asiwe mwanawe, maana jogoo anayepanda dada zake na mama yake huzaa vifaranga dhaifu. Majirani wawili wanaofuga wanaweza kubadilishana majogoo kila mwaka au miaka miwili, mradi kila mmoja amtazame ndege wa mwenzake kwanza: je, humkimbia mtu au humjia? Je, mitetea wake wana manyoya mgongoni au wamenyonyolewa? Jogoo mgeni atengwe kwa wiki mbili mbali na kundi ili kideri au ugonjwa mwingine ujitokeze kabla hajawaambukiza, na kundi zima liwe limechanjwa. Kisha aingizwe bandani usiku, wenzake wakiwa wamelala, waamke pamoja.